Jinsi ya Kupima Mustakabali wa Ajira Yako Nishati Safi Inapoingia

Kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati za mwaka 2022, watu wapatao milioni 67 duniani walikuwa wakifanya kazi katika sekta ya nishati, na wale waliokuwa upande wa nishati safi, takriban milioni 35, walikuwa wameshawazidi milioni 32 waliokuwa katika makaa ya mawe, mafuta na gesi. Takwimu za namna hiyo humfaa waziri anayepanga bajeti. Mchomeleaji wa mabomba, dereva wa lori la mafuta au karani wa bandari hawezi kuzitumia kujua kama mkataba wake utahuishwa mwakani. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa aina hiyo, yaani mwenye ajira leo, anayesikia kila mara kwamba nishati inabadilika, na anayetaka kujua aanzie wapi kupima hali yake mwenyewe kabla mtu mwingine hajampimia.

Kosa la kawaida ni kuanza na mafunzo. Mtu husikia kwamba sola inakua, akalipa ada ya kozi ya wiki mbili, kisha akarudi nyumbani na cheti ambacho hakuna mwajiri wa karibu anayekihitaji. Mafunzo yana nafasi yake, nayo ni ya tano. Kabla yake kuna mambo manne ya kuyajua: kazi yako iko mbali kiasi gani na moto, mtambo au kiwanda chako kitazimwa lini, mkataba wako unakuweka wapi siku hiyo itakapofika, na ajira mpya ziko wapi hasa.

Pima umbali wako kutoka motoni

Majina ya sekta hudanganya. Kusema kwamba "kazi za makaa ya mawe zinakufa" ni kuwaweka kapu moja watu ambao hatima zao hazifanani hata kidogo. Njia bora ni kuufuata mtambo wa makaa ya mawe kuanzia lango la kuingizia makaa hadi pale umeme unapotokea, ukimwangalia kila mfanyakazi na kujiuliza ni kitu gani hasa anachokigusa siku nzima.

Wa kwanza ni waendesha tingatinga kwenye lundo la makaa, wasimamizi wa mikanda ya kusafirishia, na mafundi wa vinu vinavyosaga makaa hadi yawe unga. Wanaofuata ni watu wa boila na wale wanaoondoa majivu. Hawa wote wanagusa fueli yenyewe au moto wake, na fueli ikiondoka, kazi yao kama ilivyo haina pa kuhamia, ingawa ujuzi wao wa kuendesha mashine kubwa na kutengeneza mikanda unaweza kuhitajika mgodini au katika kiwanda cha saruji. Mbele kidogo yuko fundi wa turbini ya mvuke. Yeye hagusi makaa, anagusa mvuke, na mvuke huo unaweza kutoka kwenye jotoardhi, nyuklia au hata takataka zinazochomwa. Turbini haijali maji yamechemshwa na nini. Ukienda mbele zaidi unamkuta fundi wa jenereta, wa transfoma, na mhandisi wa kituo cha swichi ambako umeme huingia kwenye gridi. Hao wako mbali na moto kiasi kwamba kuzimwa kwa boila kunaweza kuwaondoa kwenye jengo bila kuwaondoa kwenye taaluma. Gridi yenye upepo na jua nyingi huhitaji laini zaidi, transfoma zaidi na betri kubwa za kuhifadhia umeme, na mambo hayo yote yanataka watu walewale.

Kipimo hiki hufanya kazi katika viwanda vingine pia. Fanya zoezi hili kwa maandishi: orodhesha shughuli unazozifanya katika juma la kawaida, kisha kwa kila moja jiulize kama ingekuwepo endapo fueli ingetoweka lakini bidhaa ibaki. Mpimaji ardhi anayetafuta njia ya bomba la gesi ataona kwamba karibu kila anachokifanya kinabaki. Mchimba visima vya mafuta, ambaye watu wengi humhesabu kuwa wa kwanza kuathirika, atashangaa: mwaka 2023 kampuni ya Fervo Energy ilifanya majaribio ya kisima cha jotoardhi huko Nevada, Marekani, kwa kutumia uchimbaji wa ulalo, mbinu iliyokomazwa na watu wa mafuta na gesi. Mwendesha tanuri la saruji atagundua kuwa tatizo lake ni la namna nyingine, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni ya saruji hutoka kwenye chokaa yenyewe inapopashwa moto, wala si kwenye fueli pekee. Kwa hiyo kubadilisha fueli hakufungi kiwanda chake, bali kaboni inayobaki hudai mitambo mipya ya kuinasa na watu wa kuiendesha.

Chuma ndicho kinachotisha, na inafaa kukiangalia kwa makini kwa sababu kinaonyesha jinsi bidhaa inavyoweza kubaki huku ajira zikipungua. Tanuri la kawaida la kuyeyushia madini ya chuma hutegemea koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa kwanza, na koki hutegemea tanuri zake zenyewe, nazo zina wafanyakazi wake, bohari zake na gati zake za kupakulia. Tanuri la umeme linaloyeyusha vyuma chakavu halihitaji hata kimoja kati ya vitu hivyo. Huko Port Talbot, Wales, tanuri la mwisho la aina ya zamani lilizimwa tarehe 30 Septemba 2024, na mpango wa kuleta tanuri la umeme uliambatana na tangazo la kupunguza hadi ajira 2,800 nchini Uingereza. (Siku hiyohiyo, kwa bahati tu, kituo cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe nchini humo, Ratcliffe-on-Soar, nacho kilizimwa.) Chuma kitaendelea kumiminwa mahali hapo, ila wale waliokuwa wakiandaa moto hawatahitajika. Mwenye kazi kwenye kinu cha kubanjia mabamba ya chuma katika kiwanda cha namna hiyo yuko salama zaidi kuliko jirani yake wa tanuri la koki, ingawa wote wawili huvaa sare moja na kupanda basi moja.

Tafuta tarehe, usisubiri tangazo

Mkoa wa Ruhr, Ujerumani, na wenzake wa migodi ya makaa magumu nchini humo walikuwa na wafanyakazi takriban 600,000 mwaka 1957. Mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Hiyo ni miaka 61 ya kupunguza taratibu, watu wakistaafishwa mapema, wengine wakihamishiwa migodi iliyobaki, na vyuo vikuu vipya vikifunguliwa, kikiwemo cha Bochum kilichoanza kufundisha mwaka 1965. Linganisha na kituo cha umeme cha Hazelwood katika jimbo la Victoria, Australia: wenye mali walitangaza Novemba 2016 kwamba kitafungwa, na mwishoni mwa Machi 2017 kikafungwa. Watu wapatao 750, waajiriwa na wa wakandarasi, walipewa miezi mitano ya kupanga maisha upya. Baadaye Australia iliweka kanuni inayowataka wazalishaji wakubwa wa umeme kutoa taarifa ya miaka mitatu kabla ya kufunga. Tofauti kati ya miezi mitano na miaka mitatu ndiyo tofauti kati ya kuuza nyumba kwa hasara na kumaliza masomo ya fundi sanifu.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini maji hayo yatiwe mapema kuliko tangazo, kwa sababu tangazo ni kitu cha mwisho kutokea. Dalili hujitokeza kabla, na nyingi huonekana na mtu wa kawaida aliye ndani ya kiwanda. Iliyo bora kuliko zote ni matengenezo makubwa. Boila na turbini hufunguliwa na kukaguliwa kwa ratiba ya miaka kadhaa kwa gharama kubwa, na mwenye mali anayeahirisha matengenezo hayo mara mbili mfululizo, au anayebadilisha vipuri vya asili kwa viraka, anakuambia kwa vitendo kwamba hatarajii mashine hiyo idumu. Dalili ya pili ni wanagenzi: kiwanda kilichoacha kuchukua vijana wa kujifunza kazi kimeshapiga hesabu ya muda. Angalia pia mkataba wa kununua fueli au wa kuuza umeme unaisha lini, leseni ya mazingira inaisha lini, na kama kuna fedha zilizotengwa kwa ajili ya kusafisha eneo baada ya kufunga. Kwa kampuni iliyo kwenye soko la hisa, taarifa ya mwaka hutaja umri ambao mitambo imekadiriwa kubakia, na kifungu hicho, ambacho huwa kimefichwa katika kurasa za nyuma, kina thamani kuliko hotuba yoyote ya mkurugenzi. Umri huo ukifupishwa ghafla kutoka miaka 20 hadi 8, hilo ndilo tangazo lenyewe.

Soma mkataba wako kwa jicho la siku ya kufungwa

Mpango wowote wa kuwasaidia wafanyakazi huanza kwa kuamua nani ni mfanyakazi. Hapo ndipo wengi huanguka. Mwezi Oktoba 2018 serikali ya Hispania na vyama vya wafanyakazi walikubaliana juu ya kufunga migodi mingi ya makaa iliyobaki, kwa kifurushi cha euro milioni 250 kilichojumuisha kustaafu mapema kwa wachimbaji waliofikisha umri wa miaka 48, mafunzo mapya, na ajira za kurekebisha ardhi iliyochimbwa. Mwenye miaka 47 na mwenye miaka 48, wanaofanya kazi bega kwa bega, walijikuta pande mbili za mstari. Baada ya Hazelwood nako, jimbo la Victoria lilianzisha utaratibu ambao wazee wa vituo jirani waliruhusiwa kustaafu mapema ili nafasi zao zichukuliwe na vijana wa kituo kilichofungwa. Wazo zuri, kwa maoni yangu ni bora kuliko kozi nyingi, lakini lilihitaji kuwe na kituo jirani kilichobaki wazi.

Kwa hiyo fungua mkataba wako ukiwa na maswali maalumu. Je, mwajiri wako ni mwenye mtambo au ni mkandarasi wake? Miaka ya utumishi inahesabiwa kuanzia lini, na je, ilianza upya ulipohamishwa kutoka kampuni moja ya ukandarasi kwenda nyingine huku ukiendelea kukaa kwenye kiti kilekile? Kiinua mgongo kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi, au posho za zamu na saa za ziada zinaingia? Pensheni inashikwa na mfuko unaojitegemea, au ni ahadi iliyomo katika vitabu vya kampuni ambayo yenyewe inaweza kufilisika? Swali hili la mwisho ni zito kuliko yote yaliyotangulia, kwa kuwa kampuni zenye mitambo ya zamani mara nyingi huuzwa kwa wanunuzi wadogo miaka michache kabla ya kufungwa, na madeni ya wafanyakazi huhamia pamoja na mitambo hiyo.

Nje ya geti wako watu wasio na mkataba wowote: mama anayepikia zamu ya usiku, mwenye gereji ya malori ya makaa, muuzaji wa mafuta ya taa kwa rejareja. Takwimu nyingi za ajira haziwahesabu vizuri, na mipango ya fidia huwasahau. Wao wanahitaji kumbukumbu. Daftari la mauzo, risiti za ushuru na leseni ya biashara ya miaka kadhaa ni ushahidi pekee watakaoweza kuweka mezani siku tume itakapokuja kuuliza nani ameathirika.

Namna ya kusoma habari za ajira mpya

Ukishajua unapotoka, ndipo uangalie unapoelekea, na hapa hesabu ndogo huokoa. Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani ilikadiria kwamba ajira za mafundi wa mitambo ya upepo zingekua kwa asilimia 60 kati ya mwaka 2023 na 2033, kasi iliyoshinda fani nyingine zote. Asilimia hiyo ilinukuliwa kila mahali. Kilichonukuliwa kwa nadra ni kwamba mwanzo wake ulikuwa watu 11,400 hivi, hivyo ongezeko lote la miaka kumi katika nchi nzima lilikuwa kama nafasi 6,800. Asilimia kubwa ya kitu kidogo ni kitu kidogo.

Jambo la pili ni kutenganisha ajira za kujenga na ajira za kuendesha. Shamba la sola huajiri mamia kwa miezi ya ujenzi, wakipiga nguzo, wakifunga paneli na kuvuta nyaya, kisha hubaki na watu wachache wa kufyeka majani, kuosha paneli na kubadilisha inveta, vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli ufae gridi. Mtu anayeacha kazi ya kudumu ili ajiunge na ujenzi huo ajue kwamba anaingia katika maisha ya kuhamahama, sawasawa na mjenzi wa barabara. Maisha hayo hayana aibu na wakati mwingine yanalipa vizuri, ila hayafanani na aliyoyazoea.

La tatu ni mahali, nalo ndilo gumu kupita yote. Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu lilihesabu ajira milioni 16.2 katika nishati jadidifu mwaka 2023, na kati ya hizo milioni 7.4 zilikuwa China, ambako paneli nyingi za dunia hutengenezwa. Ajira mpya haizaliwi pale ilipofia ya zamani. Wapo waliobahatika: Esbjerg nchini Denmark ilikuwa bandari ya uvuvi, ikawa ya mafuta ya baharini, na sasa hupakia mitambo ya upepo wa baharini, kwa sababu gati, kreni na mabaharia walikuwa tayari wapo. Mji wa mgodi ulio bondeni mbali na bahari hauna bahati hiyo. Unapopima mji wako, usiulize kama una jua au upepo, maana vitu hivyo viko karibu kila mahali. Uliza kama una laini kubwa ya umeme iliyoachwa na mtambo wa zamani, reli, bandari au maji, kwa kuwa hivyo ndivyo wawekezaji wanavyovifuata.

Kumbuka pia ajira zinazoathirika kwa mbali. Nchini India makaa ya mawe ni karibu nusu ya uzito wa mizigo yote inayobebwa na reli, na mapato ya mizigo ndiyo yanayosaidia kupunguza nauli za abiria. Mkata tiketi wa treni ana sababu ya kufuatilia habari za makaa. Kwa upande mwingine, tangu Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya unawataka waagizaji wa chuma, alumini, saruji na mbolea kutoa taarifa za kaboni iliyotolewa wakati wa kuzitengeneza, na malipo huhesabiwa kwa bidhaa zinazoingizwa kuanzia mwaka 2026. Mhasibu au mkemia wa kiwanda kinachouza huko, ambaye hajawahi kushika paneli, anaweza kuwa ndiye mwenye kazi mpya iliyo karibu zaidi.

Mafunzo: ongeza juu ya ulichonacho

Sasa mafunzo. Kanuni ninayoipendekeza ni kuchagua kozi fupi inayopandishwa juu ya ujuzi mrefu, badala ya kozi ndefu inayokurudisha mwanzo. Fundi bomba anayejifunza gesi za kupozea anakuwa fundi wa pampu za joto, mashine za umeme za kupasha joto majengo. Fundi umeme wa kiwandani anayejifunza kupanda na kuokoa mtu kwenye kimo anaweza kuhitajika kwenye mitambo ya upepo, ambako waajiri wengi hudai vyeti vya Global Wind Organisation: huduma ya kwanza, kubeba mizigo, tahadhari ya moto na kazi za juu, pamoja na kujiokoa majini kwa wa baharini. Vyeti hivyo hudumu miaka miwili tu, kwa hiyo haina maana kuvilipia kabla hujapata mwajiri.

Chukua mfano wa fundi wa magari, kwa kuwa ndiye mwenye wasiwasi mkubwa na, kwa maoni yangu, mwenye nafasi nzuri kuliko anavyodhani. Gari la umeme halina mafuta ya injini, plagi, ekzosi wala klachi, na breki zake huchakaa polepole kwa sababu mota yenyewe husaidia kupunguza mwendo. Sehemu kubwa ya mapato ya gereji hupotea hapo. Lakini mpira, shoki, bushi, usukani, kiyoyozi na bodi vinabaki, na gari lenyewe ni zito zaidi, hivyo matairi huisha haraka. Kinachoongezeka ni volti. Betri kubwa ya gari hilo huwa na takriban volti 400, na baadhi ya magari 800, zinazopita kwenye nyaya za rangi ya machungwa, na kosa la kwanza linaweza kuwa la mwisho. Fundi aliyefunzwa huzima gari na kuuweka ufunguo mbali, huvaa glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000 baada ya kuzijaza hewa kuona kama zimetoboka, hutenganisha betri ndogo na kung'oa kiunganishi cha usalama kwa mpangilio wa mtengenezaji, huweka kiunganishi hicho mfukoni mwake ili mwingine asikirudishe, kisha husubiri dakika zilizotajwa kwenye kitabu ili kapasita, vifaa vinavyobaki na umeme hata betri ikitenganishwa, zimwage chaji. Baada ya hapo hupima kwa mita kuthibitisha kwamba hakuna umeme, na kabla ya kuiamini mita huijaribu kwenye chanzo anachojua kina umeme, na baada ya kupima huijaribu tena. Utaratibu huo mtu makini anaweza kuufunzwa kwa siku chache. Sikio la kutambua kwamba beringi inalia, ambalo bado linahitajika, huchukua miaka, na fundi huyu tayari analo.

Kabla ya kulipia kozi yoyote, tafuta matangazo ya kazi yaliyotoka katika miezi ya karibuni ndani ya umbali ambao familia yako inaweza kuhamia, uandike vyeti vinavyotajwa kwa majina. Cheti kisichotajwa hata mara moja, usikilipie. Kisha umpigie simu mtu aliyehitimu mwaka uliopita, si yule ambaye chuo kimekupa namba yake, umuulize sasa anafanya nini.

Peleka maswali mezani

Hatua ya mwisho hufanywa na wengi kwa pamoja, kupitia chama au kamati, na inafaa ifanywe kiwanda kikiwa bado kinapata faida, wakati mwajiri angali anahitaji ushirikiano wenu. Utangulizi wa Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unataja wazi mpito wa haki kwa nguvukazi na ajira zenye staha, na Shirika la Kazi Duniani lilitoa miongozo yake mwaka huohuo. Maneno hayo hayamfungi mwajiri wako mmojammoja, lakini humfanya ashindwe kusema kuwa mnauliza jambo geni. Ombeni tarehe ya mapema kabisa na ya mbali kabisa ya kuzima kila kitengo, idadi ya watu watakaohitajika kubomoa na kusafisha eneo, kipaumbele cha waajiriwa wa sasa na wa wakandarasi katika kazi hizo, muda wa mafunzo unaolipwa ndani ya saa za kazi, na uthibitisho wa mahali fedha za kiinua mgongo na pensheni zilipo. Ombeni majibu kwa maandishi yenye tarehe na sahihi, na nakala moja ikae nje ya ofisi za kiwanda.